Kuhama kutoka Italia kwenda Ujerumani kwa ajili ya kazi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ya ndugu zetu walioko Italia wanaotaka kuhamia Ujerumani hayabadiliki. Je, kibali changu cha Italia kinaniruhusu kufanya kazi kule? Nianze na nyumba au nianze na kazi? Kwa nini mshahara wa kwanza umekatwa kupita kiasi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio ambao ofisi zenyewe zinaufuata, kwa sababu katika safari hii kila karatasi hutangulia nyingine, na anayeruka moja hulazimika kurudi nyuma.

Sababu ya kuhama inaeleweka. Italia haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria kwa kazi zote, ilhali Ujerumani, tangu tarehe 1 Januari 2026, hairuhusu mwajiri kulipa chini ya euro 13.90 kwa saa. Aliyeko Ureno, Hispania au Ugiriki anaweza kuufuata mwongozo huu kwa sehemu kubwa, kwa kuwa sheria za msingi ni za Umoja wa Ulaya nzima na kinachobadilika ni majina ya karatasi na ofisi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti ambayo haikaribii kuisha muda wake. Kama inahitaji kubadilishwa kupitia ubalozi wa nchi yako, anza na hilo.
- Kadi yako ya kibali cha ukaazi, au kitambulisho cha uraia kwa aliyekwisha kupata uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya.
- Wasifu wa kazi kwa Kijerumani, usiozidi kurasa mbili. Muundo wa Europass, kielelezo cha wasifu cha Umoja wa Ulaya, unakubalika.
- Vyeti vya elimu na ufundi pamoja na barua za waajiri wa zamani, vikiwa vimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa.
- Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Vilivyotolewa na comune (ofisi ya mji) ya Italia viombwe pamoja na fomu ya lugha nyingi ya Umoja wa Ulaya, navyo havihitaji apostille, yaani muhuri wa kuthibitisha hati kimataifa. Vilivyotoka Afrika Mashariki au Kongo huweza kuhitaji uhakiki unaochukua miezi, kwa hiyo iulize mapema ofisi itakayovipokea.
- Kijerumani cha kuanzia. Kwa maoni yangu, asiyefika A2 (ngazi ya pili kati ya sita za kupima lugha, kuanzia A1 hadi C2) asihame isipokuwa ana mkataba mkononi na mtu wa kumsindikiza ofisini, kwa sababu karibu kila barua utakayopokea itakuwa ya Kijerumani na nyingi zina tarehe ya mwisho ya kujibu.
- Akiba ya fedha, ambayo hesabu yake iko katika hatua ya 4.

Hatua ya 1: Tambua hasa karatasi uliyo nayo

Soma sehemu hii polepole, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Kusafiri bila kukaguliwa mpakani ni jambo moja, na kuruhusiwa kufanya kazi ni jambo jingine kabisa. Zipo hali nne.

Ya kwanza ni ya raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, akiwemo Mtanzania, Mkenya au Mkongomani aliyepata uraia wa Italia. Huyu anaingia Ujerumani kwa kitambulisho chake na anaanza kazi bila kuomba ruhusa yoyote. Haki hiyo inafika pia Norway, Iceland na Liechtenstein, na Uswisi kwa mkataba wake wa pekee. Haifiki Uingereza, ambako uhuru huo ulikoma tarehe 31 Desemba 2020. Mume au mke wake asiye raia ana haki ya kumfuata na kufanya kazi, na ataomba kadi iitwayo Aufenthaltskarte. Haki hiyo, hata hivyo, hutembea pamoja na raia mwenyewe: mke hawezi kwenda Stuttgart peke yake na kuitumia huku mume akiendelea kuishi Verona.

Ya pili ni ya mkaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya. Chukua kadi yako uangalie mahali palipoandikwa aina ya kibali. Ukikuta maneno SOGGIORNANTE DI LUNGO PERIODO – UE, au CE kwa kadi za zamani, basi unayo karatasi inayotambuliwa na kifungu cha 38a cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani. Unaweza kuingia bila viza na kuomba kibali cha Kijerumani ukiwa humo humo nchini, ndani ya miezi mitatu. Kwa kawaida Italia hutoa kadi hii baada ya miaka 5 ya ukaazi halali, kwa mwenye kipato cha kutosha na aliyefaulu mtihani wa Kiitaliano wa ngazi ya A2. Fahamu kwamba Denmark na Ireland hazimo katika mpango huu.

Ya tatu ni ya mwenye kibali cha kawaida, kwa mfano kilichoandikwa lavoro subordinato (kazi ya kuajiriwa) au motivi familiari (sababu za kifamilia). Kibali hiki kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa siku 90 katika kila siku 180, na hakikupi ruhusa ya kufanya kazi huko hata kwa siku moja. Njia zako ni mbili: kuomba viza ya kazi au ya mafunzo ya ufundi katika uwakilishi wa Ujerumani ulioko Italia, au kusubiri hadi utimize masharti ya kadi ya muda mrefu. Kama umekwisha kukaa zaidi ya miaka mitatu na huna taaluma inayotambuliwa Ujerumani, ningekushauri usubiri, kwani miaka miwili ya subira itakupa karatasi utakayoitumia katika nchi nyingi. Mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha wataalamu wenye ujuzi wa juu, yu katika hali bora zaidi, kwa sababu baada ya miezi 12 katika nchi ya kwanza anaweza kuhamia ya pili akiwa na mkataba unaotimiza masharti ya nchi hiyo.

Ya nne ni ya mwenye hifadhi ya kimataifa. Hadhi ya ukimbizi uliyopewa Italia haikupi haki ya kwenda kuishi na kufanya kazi Ujerumani, lakini tangu sheria ya Ulaya ya mwaka 2011 wakimbizi nao wanaweza kupata kadi ya mkaazi wa muda mrefu. Ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa asihame, kwa maana anaweza kurudishwa katika nchi inayolishughulikia akawa amepoteza muda na fedha.

*Tahadhari:* usimsikilize anayekwambia kwamba "kadi ya Schengen ni moja". Kufanya kazi bila ruhusa ni kosa kwa mfanyakazi na kwa mwajiri, na likiisha kuandikwa katika kumbukumbu zako litakufuata katika kila ombi litakalokuja.

Hatua ya 2: Tafuta kazi ukiwa bado Italia

Tumia EURES, mtandao wa ajira wa Umoja wa Ulaya, pamoja na tovuti ya Bundesagentur für Arbeit, ambayo ni idara ya ajira ya Ujerumani. Huduma zote mbili ni bure. Mahojiano mengi ya mwanzo hufanyika kwa video, kwa hiyo huna haja ya kuhama kwanza ndipo utafute. Aliye na uraia anaweza kwenda kubahatisha kwa wiki chache, lakini mwenye kadi ya muda mrefu ahakikishe ana ahadi ya kazi iliyoandikwa, kwa sababu bila hiyo ombi lake la kibali cha kazi halina pa kusimamia.

Ukipata mkataba, tazama saa za kazi kwa wiki, malipo ya saa, urefu wa kipindi cha majaribio na siku za likizo. Kipindi cha majaribio, Probezeit, kinaweza kufika miezi 6, na ndani yake upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa taarifa ya wiki mbili. Likizo haiwezi kupungua siku 20 kwa mwaka kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki.

*Tahadhari kwa wenye kadi ya muda mrefu:* kazi nyingi za maghala na viwanda hutolewa na kampuni za kukodisha wafanyakazi, ambazo kwa Kijerumani huitwa Zeitarbeit au Leiharbeit. Pale ambapo idhini ya idara ya ajira inahitajika, idhini hiyo hukataliwa kwa kazi za namna hii. Tafuta mwajiri atakayekuajiri moja kwa moja.

*Tahadhari kwa wote:* pima mara mbili mkataba unaokuja pamoja na kitanda. Nyumba ikiwa ni ya mwajiri, siku utakayopoteza kazi unaweza kupoteza na mahali pa kulala.

Hatua ya 3: Shughulikia utambuzi wa taaluma

Udereva wa mizigo, usafi, ujenzi wa kawaida na kazi za jikoni havihitaji hatua hii. Uuguzi, ukunga, udaktari na ufamasia vinaihitaji, na huwezi kuanza kazi kwa cheo hicho bila utambuzi. Muuguzi huhitaji pia Kijerumani cha B2.

Muuguzi aliyesomea Italia hutambuliwa kwa utaratibu mwepesi wa Umoja wa Ulaya. Aliyesomea Tanzania, Kenya au Uganda hukaguliwa masomo yake moja baada ya jingine, na huenda akatakiwa kufanya mtihani au mafunzo ya ziada. Kuna mlango ambao wengi hawaujui: ikiwa Italia imekwisha kukitambua cheti chako cha nyumbani, na ukafanya kazi hiyo humo kwa miaka mitatu, na Italia ikathibitisha kwa maandishi, basi agizo la Ulaya namba 2005/36 linakihesabu cheti hicho kama cha kitaaluma cha Ulaya. Omba uthibitisho huo kabla hujaondoka, kwani ni rahisi kuufuatilia ukiwa karibu na ofisi inayoutoa.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa fedha itakayofika mkononi

Mishahara ya Ujerumani hutangazwa kabla ya makato. Anayelipwa kima cha chini kwa saa 40 kwa wiki atapata karibu euro 2,400 kwa mwezi kabla ya makato, na asiye na mwenza wala mtoto atabaki na takriban euro 1,700 na kidogo baada ya kodi ya mapato, pensheni, bima ya afya na bima ya kukosa kazi.

Pango nalo lina sura mbili: Kaltmiete ni pango tupu, na Warmmiete ni pango pamoja na joto na gharama za jengo. Amana haipaswi kuzidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Kwa nyumba yenye Kaltmiete ya euro 600, amana inaweza kufika 1,800. Ukiongeza pango la mwezi wa kwanza na chakula hadi mwisho wa mwezi, ambao ndio wakati mshahara hulipwa, utaona kwamba kuhama na akiba iliyo chini ya euro 3,000 ni kujiweka pabaya. München, Frankfurt na Hamburg zina pango la juu. Leipzig, Chemnitz na Dortmund ni nafuu zaidi.

Hatua ya 5: Pata anwani inayoweza kuandikishwa

Tafuta chumba au nyumba kupitia tovuti kama WG-Gesucht au ImmoScout24, au kwa watu unaowaamini. Kabla ya kukubali, uliza swali moja tu: je, nitapewa Wohnungsgeberbestätigung? Hii ni karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mwenye nyumba anaandika jina lake, anwani, tarehe uliyohamia na majina ya wanaohamia, kisha anatia sahihi. Mkataba wa pango hauchukui nafasi yake. Chumba kisichokuja na karatasi hiyo, hata kikiwa rahisi namna gani, hakikufai kwa mwezi wa kwanza.

*Tahadhari:* usitume amana kwa mtu anayedai yuko nje ya nchi na kwamba atakutumia funguo kwa posta. Usinunue pia anwani ya kujiandikisha mahali usipoishi, kwa kuwa anayeitoa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000, nawe unayeitumia unavunja sheria pia.

Hatua ya 6: Funga mambo ya Italia, lakini kwa mpangilio

Mkataba wa pango wa Italia wa kawaida humtaka mpangaji anayeondoka kwa sababu nzito kutoa taarifa ya miezi sita kwa barua ya raccomandata (iliyosajiliwa posta), kwa hiyo zungumza mapema na mwenye nyumba. Nenda INPS, idara ya hifadhi ya jamii ya Italia, au kwenye patronato, ofisi inayosaidia watu kwa maombi ya aina hii, uombe fomu ya U1, inayoonyesha vipindi ulivyochangia bima. Kama unapokea NASpI, posho ya Italia ya kukosa kazi, na una haki ya kutafuta kazi Ujerumani, baada ya wiki nne za kuandikishwa kuwa huna kazi unaweza kuomba fomu ya U2, ambayo hukuwezesha kuendelea kulipwa kwa miezi mitatu huku ukitafuta. Ukifika, una siku 7 za kujiandikisha katika idara ya ajira. Michango yako ya pensheni haipotei, kwa kuwa miaka ya Italia na ya Ujerumani hujumlishwa wakati wa kupima haki yako.

Raia wa Italia ajiandikishe AIRE, daftari la Waitaliano wanaoishi nje ya nchi. Mwenye kadi ya muda mrefu asiirudishe wala asiache kazi ya Italia kabla kibali cha Kijerumani hakijatoka, maana kadi hiyo ndiyo msingi wa ombi zima. Kumbuka pia kwamba hadhi hiyo hupotea ukikaa nje ya Umoja wa Ulaya kwa miezi 12 mfululizo, jambo ambalo huwapata wanaorudi nyumbani kuuguza mzazi na kukaa muda mrefu, au ukikaa nje ya Italia kwa miaka 6.

Hatua ya 7: Jiandikishe ndani ya wiki mbili

Tendo hili huitwa Anmeldung, na hufanyika Bürgeramt, ofisi ya wakaazi ya mji. Sheria inakupa wiki mbili tangu siku ya kuhamia. Weka miadi mtandaoni hata kabla ya kusafiri, na uende na pasipoti au kitambulisho, kadi ya kibali, karatasi ya mwenye nyumba, pamoja na vyeti vya ndoa na vya watoto kama mmehama wote. Watakupa Meldebescheinigung, cheti cha kujiandikisha. Itunze vizuri, kwani utaombwa kila mahali.

Siku hiyo hiyo, andika jina lako kamili kwenye sanduku la barua na kwenye kengele, kama lilivyo katika pasipoti. Mpeleka barua wa Ujerumani hutazama jina la familia, wala hakuna namba ya chumba kama tulivyozoea. Jina lisipoonekana, barua hurudi ilikotoka, na barua ya kwanza kurudi itakuwa ile yenye namba yako ya kodi. Ukiishi kwa mwenyeji wako, jina lako likae chini ya lake kwenye sanduku lile lile.

Hatua ya 8: Omba kibali (raia waruke hatua hii)

Mwenye kadi ya muda mrefu aombe kibali cha kifungu cha 38a katika Ausländerbehörde, ofisi ya uhamiaji ya mji wake, kabla miezi mitatu haijaisha. Atahitaji mkataba au ahadi ya kazi, fomu ya Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis (maelezo ya ajira) iliyojazwa na mwajiri, mkataba wa pango, uthibitisho wa bima ya afya (tazama hatua ya 9) na wa kipato. Katika miezi 12 ya kwanza idara ya ajira hutazama kama masharti ya kazi si duni na kama hakuna mwingine mwenye haki ya kutangulia kwa nafasi hiyo. Baada ya miezi hiyo kizuizi huondoka. Usianze kazi kabla kibali hakijakuwa mikononi mwako, hata mwajiri akikusihi.

Hatua ya 9: Bima ya afya, namba ya kodi na benki

Chagua mfuko wa bima ya afya, kwa mfano AOK, TK au Barmer, kisha mpe mwajiri jina lake. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza ya kila mfuko, nawe unalipa nusu na mwajiri nusu. Kadi ya afya ya Italia inakufaa kwa ziara, haimfai anayehamia.

Namba ya kodi, Steuer-ID, hufika kwa barua wiki chache baada ya kujiandikisha. Mpe mwajiri mara moja. Akaunti ya Kijerumani si lazima kwa mshahara wa kwanza, kwa kuwa sheria ya Ulaya inamzuia mwajiri kuikataa akaunti ya euro ya nchi nyingine ya Umoja.

Mambo yakikwama

*Hakuna miadi Bürgeramt.* Hifadhi uthibitisho wa miadi ya karibuni uliyopata, kwa sababu unaonyesha kwamba hukuzembea. Jaribu ofisi nyingine za mji huo huo, na ufungue tovuti asubuhi, miadi iliyofutwa inaporudishwa.

*Ausländerbehörde haijibu.* Tuma ombi kwa maandishi kabla ya miezi mitatu na utunze ushahidi wa tarehe. Omba Fiktionsbescheinigung, hati ya muda ya kungojea uamuzi, lakini soma kilichoandikwa ndani yake: kuruhusiwa kukaa ukingoja si sawa na kuruhusiwa kufanya kazi.

*Mshahara wa kwanza umekatwa sana.* Huenda mwajiri hakuwa na namba yako ya kodi akakuweka katika daraja la kodi la VI, ambalo ndilo zito kuliko yote. Mpelekee namba, na tofauti itarekebishwa. Kikibaki kitu, jaza taarifa ya kodi ya mwaka, ambayo unaweza kuipeleka kwa hiari yako ndani ya miaka minne.

*Umepata barua ya kudai euro 18.36 kwa mwezi.* Si utapeli. Ni Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, nayo hulipwa kwa kila nyumba, si kwa kila mtu. Kama mwenzako wa nyumba analipa, jibu kwa kutaja namba yake ya malipo.

*Mwajiri halipi au analipa pungufu.* Andika saa zako kila siku katika daftari lako mwenyewe. Raia wa Ulaya huhudumiwa bure na Faire Mobilität, shirika la ushauri lililo chini ya vyama vya wafanyakazi, na wasio raia huhudumiwa na Faire Integration.

*Umeachishwa kazi katika kipindi cha majaribio.* Toa taarifa katika Agentur für Arbeit, ofisi ya idara ya ajira ya eneo lako, ndani ya siku tatu tangu ulipojua, hata kama mkataba bado una wiki mbili mbele. Posho ya kukosa kazi huhitaji miezi 12 ya michango katika miezi 30 iliyopita, na miezi uliyochangia Italia huingizwa katika hesabu hiyo kwa fomu ya U1, mradi kazi yako ya mwisho iliyokatiwa bima ilikuwa Ujerumani. Ambaye kibali chake kimefungwa na kazi aliyoipoteza aiarifu pia Ausländerbehörde, kabla hajatia sahihi mkataba mpya.